Kufufua Boti Kuukuu ya Faiba kwa Fedha Kidogo: Mwongozo kwa Watumiaji wa Maziwa ya Uganda

Katika mialo mingi ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, kuanzia Majanji karibu na mpaka wa Kenya hadi Kasensero karibu na mpaka wa Tanzania, haikosi boti ya faiba iliyolala chini ya mti, imejaa majani na maji ya mvua, na injini yake imefunikwa gunia au iling'olewa zamani. Mwenyewe huwa tayari kuiuza kwa bei ya chini sana, na wakati mwingine kuitoa bure ili mradi iondoke. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye fedha kidogo, vifaa vya kawaida vya fundi na subira, ambaye anaitazama boti ya namna hiyo na kujiuliza kama inaweza kurudi majini. Nitazungumzia boti ya urefu wa futi 15 hadi 20 yenye injini ya kufungwa nyuma ya nguvu za farasi 15 hadi 40, kwa kuwa hiyo ndiyo inayopatikana kwa wingi na ndiyo ambayo mtu mmoja na msaidizi wake wanaweza kuimudu.

Anayefufua boti kwa fedha kidogo huokoa zaidi kwa kufuata mpangilio sahihi wa kazi kuliko kwa kununua vitu vya bei rahisi. Kwanza ondoa maji yaliyojificha ndani, kisha imarisha sehemu inayobeba injini, halafu shughulikia injini yenyewe, na sakafu ije baadaye. Rangi, ambayo ndiyo kazi inayovutia watu wengi, huja mwisho kabisa. Boti nyingi zilizoachwa nusu njia hupatikana zimepakwa rangi nzuri juu ya mbao zilizooza.

Ukaguzi kabla ya kutoa shilingi

Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao zilizofungiwa ndani yake: ukuta wa tezi (nyuma ya boti) unaobeba injini, mihimili iliyo chini ya sakafu na sakafu yenyewe. Wengi hudhani kwamba boti ya ziwani hudumu kuliko ya baharini kwa sababu haiguswi na chumvi. Kwa vyuma jambo hilo ni kweli, lakini kwa mbao ni kinyume chake, kwani kuvu wanaoozesha mbao hustawi katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na hudhoofishwa na chumvi. Maji ya mvua yaliyotuama ndani ya boti kwa misimu kadhaa huharibu zaidi kuliko ziwa lenyewe.

Anza kwa kumwaga maji na kutoa majani yote, ukitumia kijiti kirefu badala ya mkono mtupu, kwa sababu nyoka na kenge hupenda kujificha humo. Kisha chukua nyundo ndogo ya plastiki, au mpini wa bisibisi, ugonge ukuta wa tezi pole pole kutoka juu hadi chini. Mahali pazima hutoa sauti kali na fupi, ilhali mahali palipooza hutoa sauti nzito iliyofifia. Endelea hivyo hivyo juu ya sakafu na kandokando ya mihimili. Kama injini bado imefungwa, shika mguu wake kwa chini, usukume na kuvuta kwa uzito wa mwili wako huku mwenzako akitazama tezi. Ukuta ukicheza au nyufa zikifunguka, ujue mbao za ndani zimekwisha.

Kipimo cha uhakika zaidi ni keekee. Toboa matundu mawili au matatu ya milimita 5 upande wa ndani wa tezi, chini karibu na sakafu, usipite hadi nje, kisha tazama unga unaotoka. Unga mkavu wa rangi hafifu ni habari njema, na unga mweusi, mbichi, wenye harufu ya udongo unamaanisha kwamba ukuta lazima ubadilishwe. Muuzaji akikataa kutobolewa, hilo nalo ni jibu.

Tazama pia umbo la bodi, yaani mwili wa boti. Vuta uzi kutoka katikati ya chini ya boti hadi mwisho wa tezi. Ikiwa bodi imebonyea kwa sababu ililazwa juu ya mawe au magogo mawili tu kwa miaka, boti hiyo haitakwenda vizuri hata ukiifanyia kila kitu kingine. Nyufa ndogo za juu zenye umbo la nyota si hatari. Tundu hata la ukubwa wa sahani linazibika. Lakini boti ambayo tezi, mihimili na sakafu vimeoza pamoja na bodi imepinda, iache hapo ilipo hata kama ni ya bure, kwa sababu gharama ya rezini (kimiminika kinachogandisha faiba) peke yake itapita bei ya boti nyingine iliyo nafuu.

Karatasi

Injini za boti huibwa mara nyingi katika maziwa yetu, na kununua injini ya wizi ni kununua kesi. Soma namba iliyoandikwa kwenye kibao cha injini na uilinganishe na hati ya muuzaji. Kibao kikiwa kimeng'olewa au namba zimekwaruzwa, usiendelee. Andikianeni mkataba wa mauzo wenye namba hizo mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa mahali boti ilipo, pamoja na mashahidi, hata kama muuzaji ni jirani yako.

Msimu na mahali pa kazi

Rezini haishiki juu ya unyevu, na kwa sababu hiyo kalenda ni sehemu ya bajeti. Katika eneo la ziwa mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Desemba. Panga kazi ya faiba iangukie Januari na Februari, au Juni na Julai, na kazi ya injini, ambayo inaweza kufanyika barazani, iachie miezi ya mvua.

Kokota boti hadi mahali pakavu palipo mbali na maji, ukizingatia alama zilizoachwa na ziwa lilipopanda mwaka 2020 na kufunika mialo mingi. Iweke juu ya vitalu vya mbao vinavyobeba mkuku (uti wa chini wa boti) katika sehemu tatu au nne, na pande zishikiliwe na magunia ya mchanga ili bodi isipinde. Omo, yaani mbele ya boti, iinuliwe kidogo kuliko tezi ili maji yatiririke nyuma na kutoka kwenye tundu la kutolea maji, na turubai lifungwe juu ya mti mrefu uliolazwa kama boriti ya paa, likiacha upenyo wa hewa pande zote mbili. Usifanyie kazi boti ikiwa ndani ya maji ya kina kifupi, hasa penye matete. Konokono wanaobeba kichocho huishi hapo hapo, na fundi anayesimama majini mchana kutwa atalipa kwa afya yake alichookoa kwa kutokodi watu wa kukokota.

Ukuta wa tezi

Hapa ndipo fedha na muda wako mwingi vinapaswa kwenda. Injini ya farasi 40 ina uzito wa kilo 70 na zaidi, na nguvu yake yote ya kusukuma boti hupitia kwenye ubao huo. Ukuta ukivunjika ukiwa katikati ya ziwa, injini huzama na kukuachia tundu mahali ilipokuwa.

Toa injini kwanza, kisha pima urefu wa mguu wake. Mguu mfupi huhitaji ukuta wa tezi wa inchi 15 hivi, na mrefu huhitaji inchi 20, na bamba lililo juu ya propela linapaswa kuwa sawa na chini ya bodi au kushuka chini yake kwa sentimita 2 au 3. Kama boti na injini hazilingani, huu ndio wakati wa kurekebisha urefu wa ukuta, kwa sababu unaujenga upya.

Fanya kazi kutoka ndani, ukiacha ngozi ya nje ya faiba ilivyo, kwani ndiyo inayohifadhi umbo la boti na ndiyo itakayokuwa kalibu yako. Kwa grainda yenye kisu chembamba, kata ngozi ya ndani kuzunguka pande zote, ukiacha ukingo wa sentimita 5 hadi 8 kandokando ambao utafungiwa faiba mpya. Unapokata, vaa barakoa halisi ya vumbi, miwani, glavu na nguo za mikono mirefu, kwa maana vumbi la faiba huwasha ngozi na hudhuru mapafu. Leso iliyofungwa puani haitoshi. Chokoa mbao zilizooza kwa patasi hadi ufikie faiba safi, usibakize hata kipande chenye unyevu kwa matumaini kwamba jua litakikausha. Mbao zilizofungiwa kati ya ngozi mbili za faiba hazikauki.

Kwa mbao mpya, plaiwudi ni bora kuliko mbao za kawaida. Mvule ni mti mzuri kwa mashua za mbao, lakini ubao mmoja mnene hutanuka na kusinyaa kufuata unyevu, na mwendo huo hubandua faiba iliyoufunika. Nunua plaiwudi ya milimita 18 na utumie tabaka mbili, ili upate unene wa milimita 36 hivi, au linganisha na unene uliokuwepo. Plaiwudi maalumu ya boti ni ghali na ni adimu, kwa hiyo jaribu ile inayouzwa Ndeeba au Bwaise jijini Kampala kwa njia hii: omba kipande kidogo, kichemshe kwenye sufuria kwa saa moja, kisha kikaushe. Tabaka zikiachana, gundi yake si ya maji na plaiwudi hiyo haifai. Zikibaki zimeshikana, rudi ukanunue kutoka rundo lile lile.

Kuhusu rezini, ziko aina mbili. Epoksi hushika vizuri zaidi juu ya faiba ya zamani na juu ya mbao, lakini bei yake ni ya juu. Poliesta ndiyo rahisi, na hupatikana kwa wauzaji wa kemikali na watengenezaji wa matangi ya faiba jijini Kampala. Kwa bajeti ndogo, poliesta inatosha mradi sehemu ya kushikia isagwe kwa msasa mkali namba 36 hadi 40 na iwe kavu kabisa. Hadena, yaani kemikali ya kugandisha rezini, huchanganywa kwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito, yaani mililita 10 hadi 20 kwa kilo moja, na siku ya joto tumia kiasi cha chini. Usichanganye zaidi ya nusu kilo kwa wakati mmoja, kwa kuwa itaanza kuganda baada ya dakika 15 hadi 20, na rezini nyingi katika kopo moja hupata moto wa kutoa moshi. Muhimu kuliko yote ni kwamba baadhi ya maduka huuza rezini pamoja na chupa mbili, moja ya hadena na nyingine ya kemikali ya zambarau ya kuharakisha. Vimiminika hivyo viwili visikutane moja kwa moja hata kwa tone, kwa maana vikigusana vinaweza kulipuka. Ile ya kuharakisha ichanganywe ndani ya rezini kwanza mpaka ienee, kisha ndipo hadena ifuate.

Tengeneza kielelezo cha kadibodi, kata vipande viwili vya plaiwudi, na ujaribu kuviweka mahali pake vikiwa vikavu mpaka vikae bila kulazimishwa. Paka pande zote na kingo rezini nyepesi, uiache inywewe, kisha paka tena. Weka mkeka mmoja wa faiba (kitambaa cha nyuzi za faiba) uliolowa rezini kati ya ngozi ya nje na ubao wa kwanza, na mwingine kati ya ubao wa kwanza na wa pili, ili pasibaki nafasi ya hewa. Bana kwa jiriwa na vipande vya mbao vilivyofungwa nailoni ili visigande. Siku ya pili, jaza pembe zote kwa rezini iliyotiwa nyuzi fupi za faiba hadi ziwe na mviringo, kwa kuwa faiba haikunjiki kwenye pembe kali, halafu funika ukuta wote kwa tabaka nne za mkeka zinazoshika ukingo wa zamani na kupanda pande za bodi kwa sentimita 15, kila tabaka ikipita ile iliyotangulia. Ukuta wa mita 1.5 kwa nusu mita, wenye tabaka nne za mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba, unakula mkeka wa kilo 1.35 na rezini ya kilo 3 hadi 3.5, mbali na ile ya pembe na ya mbao. Piga hesabu hiyo kabla ya kwenda mjini, maana rezini haihifadhiki vizuri katika joto na kununua kupita kiasi ni kutupa fedha.

Matundu ya bolti za injini ndiyo njia ambayo maji yaliingilia mara ya kwanza, na yasipolindwa ndiyo yatakayoingilia tena. Kwa bolti ya milimita 12, toboa tundu la milimita 20, lijaze rezini iliyotiwa nyuzi, iache igande, kisha toboa tena milimita 12.5 katikati yake. Bolti itapita ndani ya rezini tupu na haitagusa mbao hata kidogo. Weka silanti ya boti (gundi laini ya kuzuia maji) kwenye tundu, na upande wa ndani tumia bamba la alumini au washa pana.

Nyufa na matundu ya bodi

Ufa uliopita hadi ndani hausawazishwi kwa kujazwa tu. Saga kingo zake kwa mteremko mrefu, kama mara 12 ya unene wa bodi, yaani bodi ya milimita 6 isagwe milimita 72 kila upande, kisha jaza kwa tabaka za mkeka, ukianza na kipande kidogo na kumalizia na kikubwa. Kwa tundu, bandika kwa nje kipande cha plastiki laini kama kalibu na ufanye kazi kutoka ndani. Mafundi bodi wa magari watakushauri utumie puti yao. Ni nzuri juu ya mstari wa maji, lakini chini yake hunyonya maji na kububujika.

Sakafu na vitu vya kuelea

Fungua sakafu sehemu moja uone kilicho chini. Povu lililojazwa humo na kiwanda huwa limenyonya maji na linaweza kuongeza uzito wa boti kwa makumi ya kilo, litoe lote. Mihimili iliyolainika ibadilishwe kwa njia ile ile ya tezi, na kila mhimili uachiwe njia ya maji yanayokusanyika chini ya sakafu kufika nyuma. Sakafu mpya ya plaiwudi ya milimita 12 inatosha, ikipakwa rezini pande zote mbili na hasa kwenye kingo.

Kurudisha povu jipya ni gharama, na hapa jerikeni tupu za lita 20 ni suluhisho la heshima. Jerikeni moja iliyofungwa kizibo kwa silanti huinua kilo 19 hivi. Faiba ikizama hubaki na theluthi moja tu ya uzito wake, kwa hiyo bodi ya kilo 300 inahitaji kuinuliwa kilo 100 hivi, na ukiongeza injini ya kilo 75 unapata kilo 175, sawa na jerikeni 10, bado hujahesabu watu. Zifunge kwa mikanda imara chini ya viti na kandokando karibu na kingo za juu, nyingi zikiwa nyuma ilipo injini. Zikiwekwa zote katikati chini, boti iliyojaa maji itageuka tumbo juu.

Injini

Usivute kamba ya kuwashia kwa hamu ya kusikia kama inapiga. Injini iliyokaa miaka inaweza kuwa na kutu ndani ya silinda, na mvuto mmoja wa nguvu unaweza kuvunja ringi za pistoni. Toa plagi, mimina ndani ya kila silinda mchanganyiko wa dizeli na oili, na uache kwa siku mbili au tatu. Kisha zungusha gurudumu la juu kwa mkono, taratibu, kufuata mwelekeo wake wa kawaida wa saa, kwa sababu ukizungusha kinyume unakunja mapezi ya impela ya pampu ya maji. Likizunguka kwa ulaini, una injini. Lisipozunguka kabisa baada ya wiki nzima ya kulowekwa, iuze kama vipuri na utafute nyingine.

Azima kipimo cha kompresheni kwa fundi wa pikipiki. Namba hutofautiana kati ya injini na injini, lakini jambo la kuangalia ni usawa: tofauti kati ya silinda isizidi asilimia 10. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko mwenzake, kichwa kifunguliwe kabla ya kununua kitu kingine chochote. Ifuatayo ni oili ya gia katika mguu wa chini. Fungua skrubu ya chini uone matone ya kwanza. Oili nyeupe kama chai ya maziwa inaonyesha kwamba maji yameingia na sili zimekufa. Wakati wa kujaza oili mpya, isukume kutoka tundu la chini hadi itoke tundu la juu, ufunge la juu kwanza, ndipo ulifunge la chini kwa washa mpya.

Impela ya pampu ya maji badilisha bila kujadiliana nayo. Ni kipande cha mpira cha bei ndogo, na kikikauka hukatika na kuziba njia za maji, na injini isiyopoozwa huharibika kwa muda mfupi sana. Kabureta ifunguliwe, kila tundu lipulizwe kwa hewa, na petroli ya zamani imwagwe yote pamoja na mipira yake iliyopasuka. Vipuri vya kawaida hupatikana Kampala, na ukienda, chukua kile cha zamani mkononi, kwa sababu modeli zinazofanana kwa jina hutofautiana kwa sehemu ndogo.

Injini nyingi za mipigo miwili huchanganywa petroli na oili kwa uwiano wa 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili katika jerikeni ya lita 20. Za zamani zaidi hutaka oili nyingi kuliko hiyo, kwa hiyo fuata maandishi ya kwenye injini yako. Nunua oili yenye alama ya TC-W3, ambayo imetengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa maji. Oili ya pikipiki ni rahisi, lakini imekusudiwa injini yenye joto la aina nyingine na huacha masizi.

Jaribio la kwanza lifanyike kwenye pipa la lita 200 lililokatwa juu, lenye maji yanayofunika mguu kupita bamba la propela, na propela yenyewe ikiwa imetolewa. Usiwashe nje ya maji hata kwa sekunde chache. Mkondo mdogo wa maji unapaswa kuonekana nyuma ya injini mara tu inapowaka. Usipoonekana, zima mara moja.

Kisha kuna suala la mwinuko, ambalo wengi hawalifikirii. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na chaja ya hewa hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Injini ya farasi 40 kwa hiyo hutoa kama 36 ikiwa Jinja, na propela iliyochaguliwa kwa matumizi ya baharini huwa nzito kwake. Dalili ni injini inayolemewa, haifiki kasi yake ya mizunguko hata kishikio kikiwa mwisho, na inakunywa petroli kupita kiasi. Propela yenye hatua (umbali inaosonga kwa mzunguko mmoja) ndogo kwa inchi 1 huongeza mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika, na kubadilishana propela na mtu aliye nayo mara nyingi hugharimu mazungumzo tu. Ziwa Albert liko chini zaidi, takriban mita 615, na huko tatizo ni nusu ya hilo.

Vyuma, umeme na rangi

Kibati kinachojitoa mhanga kwa kutu kwenye mguu wa injini kwa kawaida ni cha zinki, nacho hakifanyi kazi vizuri katika maji baridi. Tafuta cha alumini au magnesiamu. Bolti za mabati zinatosha katika maji yetu mahali pengi, lakini zile za injini ziwe za chuma kisichoshika kutu. Umeme upunguzwe hadi mahitaji: betri moja iliyofungwa imara, fyuzi kwa kila waya, na taa.

Rangi za sumu zinazozuia viumbe kugandamana na bodi usizinunue. Zimetengenezwa kwa ajili ya baharini, na katika ziwa hakuna wale kome wadogo wagumu wanaoganda kwenye vyombo vya baharini. Ukungu wa kijani husuguliwa kwa brashi. Msasa mzuri, tabaka moja ya praima na mbili za rangi nzuri ya mafuta juu ya mstari wa maji zinatosha. Boti inayobaki majini usiku na mchana inahitaji rangi ya epoksi kwa chini, lakini inayokokotwa ufukweni kila jioni haina haja hiyo.

Usajili na safari ya kwanza

Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021 inataka vyombo visajiliwe, vikaguliwe na vipewe leseni chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Watu wenye boti ndogo huona jambo hili kuwa usumbufu, lakini mkaguzi ni jicho la pili ambalo hukulilipia fundi. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na ufuko wa Mutima wilayani Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa. Polisi walieleza kwamba haikuwa na leseni, hali yake ilikuwa mbovu na ilibeba watu kupita uwezo wake. Kwa hiyo fedha za jaketi za kuokoa maisha, moja kwa kila mtu, zitengwe tangu siku ya kwanza, zisisubiri kitakachobaki.

Majaribio yaanze na boti iliyofungwa kamba ufukweni kwa saa nzima, ikiwa na mizigo ya magunia ya mchanga badala ya watu, huku sakafu ikiwa bado haijafungwa ili uone maji yanakoingilia. Kisha nenda na mwenzako, kando ya ufuko, baada ya kusoma utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda. Dhoruba za Ziwa Victoria huja zaidi usiku na alfajiri, kwa hiyo usitoke gizani na chombo usichokijua. Chukua makasia mawili, ndoo ya kutolea maji botini, kamba, nanga, plagi za akiba na spana yake. Funga mkononi kamba ya kuzimia injini. Ukipita penye magugu maji na injini ikabadilisha sauti, izime kabla ya kuinua mguu na kutoa mizizi iliyojizungusha kwenye propela na kuziba njia ya kuingizia maji.

Kwa saa 10 za kwanza usiiendeshe injini iliyofunguliwa kwa kasi ya mwisho, na kama umeweka pistoni au ringi mpya, ongeza oili hadi uwiano wa 25 kwa 1, yaani mililita 800 kwa lita 20. Baada ya saa hizo kaza upya bolti za tezi, kwani silanti hujikandamiza, fungua tena skrubu ya oili ya gia kuangalia rangi yake, na uchunguze ngozi ya ndani ya ukuta wa tezi kwa tochi, hasa kwenye pembe za chini, kama kuna mstari wowote mweupe mwembamba. Mstari huo ni faiba inayoanza kuachana, na ukisagwa na kufungwa tabaka mbili mapema kazi yake ni ya asubuhi moja.